DAC ya milioni nne Mwanjelwa: Kabla kaka hajalipa, ajibu kwanza swali la shem

Wiki hii kitaa cha Mwanjelwa kimeacha mpira, kimeacha wasanii, kinazungumzia boksi. Jamaa mmoja anayejulikana sana maeneo ya sokoni, muuza simu na vifaa vyake, mwenye wafuasi wengi kuliko baadhi ya wasanii wa Mbeya, katupia picha tatu kwenye ukurasa wake na kuuliza: "Nichukue ipi?" Picha zote zilikuwa za kifaa cha aina moja kinachoitwa DAC, cha kuunga kwenye mziki wa nyumbani. Ya kwanza bei yake laki tatu. Ya pili milioni nne. Ya tatu milioni ishirini na tano, na hiyo aliandika mwenyewe kwamba ni "ya ndoto." Mfukoni, kwa maelezo yake, ana milioni nne na nusu.

Wadau hawakumwonea huruma. "Kaka chukua ya milioni nne, usituaibishe Green City." "Ya laki tatu hiyo ni ya wanachuo." "Mwamba jipinde, chukua ya ndoto, maisha yenyewe mafupi." Katikati ya makelele hayo akaunti moja ya kike, ambayo wanaowafahamu wanasema ni ya mwenzake wa nyumbani, iliandika sentensi moja tu: "Na kodi ya fremu ya mwezi wa saba?" Watu wakacheka, wakajaza vikatuni vya machozi, na haikupita saa moja ujumbe ule ukafutwa.

Katika yote yaliyoandikwa pale, hilo lilikuwa swali lenye akili kuliko mengine. Shem hakuwa anabana matumizi kwa roho mbaya. Bila kujua chochote kuhusu chipu wala biti, aligusa penyewe: hiyo milioni nne inanunua nini hasa? Sauti, au sifa?

KWANZA, DAC NI MDUDU GANI?

Wimbo uliomo kwenye simu, flashi au CD umehifadhiwa kama namba tupu. Kwenye CD, kila sekunde moja ya wimbo imekatwa vipande 44,100 kwa upande wa kushoto na vingine 44,100 kwa upande wa kulia, na kila kipande kimepewa namba yenye biti 16. Spika haielewi namba. Spika ni karatasi, koili na sumaku, inasubiri umeme unaopanda na kushuka ndipo itikisike. Kifaa kinachozigeuza namba kuwa umeme huo ndiyo DAC. Amplifaya inakuja baadaye, kazi yake ni kuukuza umeme mpaka upate nguvu ya kuisukuma spika.

Kwa maana hiyo kila nyumba Mwanjelwa tayari ina DAC kadhaa bila kujua. Simu inayo ndani. Televisheni inayo. Redio ya gari inayo. Sabufa ya kuchomeka flashi inayo. Hata kale kawaya kafupi ka kuunganishia earphone kwenye simu zisizo na tundu ni DAC kamili. Apple wanakauza dola 9, ambazo kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola hazifiki hata elfu ishirini na tano.

Anachotaka kufanya kaka ni kuitoa kazi hiyo kwenye simu au kompyuta na kuikabidhi kwa kifaa maalumu. Wazo lenyewe halina ubaya. Ndani ya simu na kompyuta kuna vurugu nyingi za umeme, na kifaa cha pembeni kilichotengenezwa vizuri kinaepuka sehemu kubwa ya vurugu hizo. Kinatoa pia umeme wa kiwango kinachoeleweka na amplifaya, kina matundu ya kutosha, na kinaweza kupokea sauti ya televisheni na ya CD kwa pamoja. Ubishi unaanzia kwenye bei.

LAKI TATU NA MILIONI NNE ZINATOFAUTIANA NINI?

Philips na Sony walipoingiza CD sokoni mwaka 1982 hawakuchagua namba 44,100 kwa kubahatisha. Hesabu za sauti zinasema ukitaka kuhifadhi mlio wa kiwango fulani, lazima upime angalau mara mbili ya kiwango hicho kwa kila sekunde. Sikio la kijana mzima kabisa linafika mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na kadiri miaka inavyokwenda linashuka. 44,100 ukigawa kwa mbili ni 22,050. Inatosha, na chenji inabaki. Zile biti 16 nazo zinatoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa.

Miaka ya themanini kuzigeuza namba hizo vizuri ilikuwa kazi ya gharama kweli. Leo haiko hivyo. Chipu kutoka kampuni kama ESS ya Marekani na AKM ya Japani zimeshuka bei kiasi kwamba vifaa vya Kichina kama Topping na SMSL, vya bei ya hiyo picha ya kwanza, vinapopimwa maabara vinaonesha upotoshaji wa sauti chini ya asilimia 0.001. Spika nzuri tu ya nyumbani ikipiga besi inaweza kupotosha sauti kwa asilimia 1 au zaidi. Hapo mtu anatafuta kosa dogo kwenye DAC huku kosa linalolizidi mara elfu moja limekaa pale ukutani, limefunikwa kitambaa cheusi.

Ya milioni nne inaongeza nini, basi? Mara nyingi inaongeza boksi zito la aluminiamu, transfoma bora, matundu zaidi, kioo kizuri, rimoti na jina. Nyingine zinabadilisha hata namna ya kufanya kazi. Kuna zisizotumia chipu ya kawaida, zinatumia ngazi ya rezista zilizopangwa kwa usahihi mkubwa. Ukipanda mpaka huko kwenye ndoto, kampuni kama Chord ya Uingereza inaandika programu yake yenyewe ndani ya chipu tupu, na DAVE yao iliyotoka 2015 ni kazi ya uhandisi ya kuvuliwa kofia. Hakuna anayesema wahandisi hao ni matapeli. Swali ni kama sikio la mtu aliyekaa kwenye sofa Mwanjelwa linaifaidi kazi hiyo.

Watu wameshajaribu kulijibu kwa vitendo. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walichapisha kwenye jarida la wahandisi wa sauti matokeo ya jaribio walilofanya kwa wasikilizaji wakiwemo wataalamu. Walipiga muziki wa ubora wa juu kuliko CD, halafu wakaupitisha muziki uleule kwenye kifaa kinachoushusha mpaka kiwango cha CD, na msikilizaji akatakiwa kusema sasa hivi kinapiga kipi. Katika majaribio 554, waliopatia ni asilimia 49.8. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi juu. Baadaye, mwaka 2016, Joshua Reiss wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kupata asilimia 52.3, huku waliofundishwa kusikiliza wakifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo haki itendeke: huenda tofauti ipo. Ila ni nyembamba kiasi hicho, na inawahitaji watu waliokaa wakafunzwa kuisikia. Waliokuwa wanapiga kelele chini ya picha za kaka si hao.

MCHEZO WA SAUTI KUBWA

"Mbona mimi nilisikia tofauti kwa masikio yangu?" Hili litaandikwa tu, na anayeliandika hatakuwa muongo. Kweli alisikia. Ila inafaa ajue alisikia nini.

Kale kawaya ka dola 9 kanatoa umeme wa sauti kama volti 1. DAC ya mezani kwa kawaida inatoa volti 2 kwenye zile waya nyekundu na nyeupe, na zenye matundu ya kistudio zinatoa mpaka volti 4. Kila volti zinapoongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 6, na hakuna aliyegusa kitufe. Binadamu akisikia wimbo uleule kwa sauti ya juu kidogo hasemi "umeongezeka sauti." Anasema besi imenenepa, sauti ya mwimbaji imekuja mbele, mziki umefunguka. Wauzaji wanaujua mchezo huu miaka mingi.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Zipigwe DAC mbili kwa wimbo mmoja, sauti zisawazishwe kwanza, hata kwa programu ya simu ya kupimia kelele kama hakuna kifaa bora. Kisha mtu mwingine abadilishe waya bila mwenye masikio kuona, mara kumi na sita hivi, na kila jibu liandikwe. Akipatia kumi na nne, atoe hela kwa amani. Akipatia nane, zile milioni zimepata sababu ya kubaki benki. Fundi yeyote wa redio pale sokoni anaweza kulisimamia hilo kwa bei ya soda, na kama ni mcheshi, hiyo video itatrend kuliko picha ya boksi.

KIAZI KIKISHAKUWA CHIPSI

Kuna jambo watu wengi kwenye ule ubishi walilikwepa. Nyimbo zenyewe za kaka zinatoka wapi? Kwa video alizowahi kuzitupia, anapiga kutoka kwenye flashi iliyojazwa kibandani, nyimbo mia tano kwa mpigo. Nyingi ya hizo zimevutwa YouTube, zikageuzwa MP3, zikahama simu kumi, na kila zilipogeuzwa upya zimeacha kitu njiani.

MP3 ya kilobiti 128 inapata wepesi wake kwa kutupa sehemu za sauti ambazo watengenezaji waliona sikio halitazikosa sana, na aghalabu inakata kila kitu kinachozidi mitikisiko kama 16,000. Kilichotupwa hakipo tena. Mbeya nzima inajua viazi: kiazi kikishakuwa chipsi hakirudi kuwa kiazi, hata kiwekwe kwenye sahani ya dhahabu. DAC ya milioni nne ikipewa wimbo wa namna hiyo itaupiga kwa uaminifu mkubwa, pamoja na mikwaruzo yake yote. Wengine hushangaa kununua kifaa ghali kisha nyimbo walizozipenda zikasikika mbovu zaidi. Kifaa kimewaambia ukweli tu.

Na wajanja wapo. Kuna mafaili yanauzwa yameandikwa FLAC au "320," kumbe ndani ni ile MP3 ya 128 iliyovalishwa koti jipya. Hii haina tofauti na gunia lililoandikwa Kyela, ukilifungua unakuta mchele umechanganywa. Nembo nayo si ushahidi. Kuna waliolipia vifaa vyenye nembo ya MQA wakiambiwa ndiyo sauti ya baadaye. Mwaka 2023 kampuni ya MQA ikaingia kwenye ufilisi, na 2024 Tidal, mteja wake mkubwa, akaachana na mfumo huo. DAC zile bado zinapiga muziki, lakini ile nembo iliyopandisha bei imebaki pambo.

Mwenye nia ya kweli ya sauti aanze na chanzo. Anunue CD halisi, ambazo siku hizi mitumba yake inapatikana kwa hela ndogo, au alipie huduma inayotoa muziki usiopunguzwa. Apple Music walianza kuutoa Juni 2021 bila kuongeza bei. Hapo sasa apige hesabu ya bando. Muziki wa kilobiti 320 unakula kama megabaiti 144 kwa saa. Muziki wa kiwango cha CD uliobanwa bila kupoteza kitu unakula takribani megabaiti 300 mpaka 400 kwa saa. Na ule wa biti 24 kwa 192 kHz, ambao ndiyo sababu kubwa ya watu kutaka DAC za bei mbaya, kabla ya kubanwa unapita gigabaiti 4 kwa saa. Kaka ambaye kila mwisho wa mwezi anaomba wafuasi wamrushie bando, hilo alifikirie.

Pia ajue kwamba akituma wimbo kwa Bluetooth kutoka kwenye simu kwenda kwenye DAC, kwa kawaida unabanwa tena na kupunguzwa njiani. Bluetooth ni nzuri kwa sherehe na mazungumzo. Kwa kifaa cha milioni nne, waya uhusike.

BATI, VIGAE NA MALORI YA TUNDUMA

Chumba. Hapa ndipo vijana wa mjini hawataki kupagusa kwa sababu hakuna picha nzuri ya kutupia.

Sebule nyingi za kisasa Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati zina vigae chini, kuta za saruji zilizopigwa skimu, madirisha makubwa ya aluminiamu na sofa moja kubwa katikati. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga kigae, inagonga kioo, inagonga ukuta, inamfikia msikilizaji mara nne tano kwa kupishana kidogo. Huo mwangwi ndio unaofanya maneno ya mwimbaji yachanganyikane na besi ivume kama mtu anapiga debe chumba cha pili. Hakuna DAC duniani inayozuia kigae kurudisha sauti. Zulia zito, mapazia mazito, kabati la nguo au vitabu ukutani na spika kusogezwa kutoka kwenye kona, hivyo vinaweza. Vingi vinapatikana palepale sokoni, na shem atavifurahia.

Halafu kuna kelele za nje. Barabara kuu ya kwenda Tunduma haijawahi kulala. Malori yanapita usiku kucha. Bodaboda, baa ya jirani, jogoo wa mama mwenye nyumba. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua ikianza kupiga bati, hata mazungumzo yanasimama. Chukulia chumba kina utulivu wa desibeli 40, ambao kwa Mwanjelwa ni bahati, na mziki unapigwa mpaka desibeli 90, ambayo jirani ataanza kugonga ukuta. Nafasi iliyobaki kati ya kelele na kilele ni desibeli 50. CD ina 96. DAC ya laki tatu ina zaidi ya 110. Anayetaka 125 atazisikilizia wapi, labda ahamie juu ya mlima Loleza.

UMEME NDIO BOSI

Anayeagiza kifaa ghali asome nyuma yake kabla ya kusoma mbele. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vingi ni vya volti 100, vya Marekani 120. Kikichomekwa moja kwa moja bila transfoma ya kushusha umeme, kinachofuata ni moshi na majonzi. Mafundi wa redio sokoni wana makaburi ya deki na amplifaya nzuri za Kijapani zilizokufa dakika ya kwanza. Stabilaiza nayo ihesabiwe kwenye bajeti, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo haujali kifaa kilinunuliwa kwa bei gani.

Jambo la pili ni mvumo. Kompyuta ikiunganishwa na DAC kwa waya wa USB, na DAC na amplifaya, vyote vikiwa vimechomekwa soketi tofauti kwenye nyumba ambayo waya wake wa ethi haukufungwa vizuri, spika zinaweza kuanza kuvuma hata wimbo ukiwa umesimama. Watu hubadilisha DAC mara tatu kwa tatizo hilo wakati lilihitaji fundi umeme wa nusu siku. Njia nyingine ni kutumia waya wa mwanga, ule unaotoka nyuma ya televisheni ukiwa na taa nyekundu. Mwanga haubebi umeme, kwa hiyo mvumo haupiti. Hii ni sababu ya maana ya kuchagua DAC moja na kuacha nyingine: iwe na tundu la mwanga.

Sababu nyingine za maana ni hizi. Iwe na kitufe chake cha sauti kama amplifaya haina rimoti. Ipokee umeme wa volti 230 au itumie chaja ya kawaida ya USB ambayo ikifa inapatikana dukani siku hiyohiyo. Iwe na muuzaji anayeipokea ikiharibika, awe Kariakoo au Dubai, ilimradi anapokea simu baada ya kulipwa. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, na kampuni nyingi za DAC zikabaki zinahaha, nyingine zikalazimika kuchora upya vifaa vyao kwa chipu za mtu mwingine. Wanaokumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua 2006 wanajua moto mmoja unaweza kuacha mafundi na wafanyabiashara wangapi hewani. Kifaa ghali kisicho na spea ni pambo tu.

WENYE NAZO WALE BATA

Hapa kuna watu watanuna: ina maana vitu vizuri ni dhambi? Hapana. Kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa mazao huko Uyole anayetajwa kuwa na mziki wa bei ya Land Cruiser, na hakuna anayemdai. Watoto wamesoma, nyumba imeisha, maghala yamejaa. Akitaka kununua kifaa kwa sababu kinang'aa na kitufe chake kinazunguka kwa ulaini, hiyo ni raha yake halali, sawa na anayenunua saa ghali wakati simu inaonesha muda uleule.

Tatizo ni kijana anayeiga raha hiyo kwa hela ya kodi ya fremu, au hela ya mchezo wa mwenzake, au mkopo wa kausha damu. Fremu ikifungwa mwezi wa saba, DAC haitauza simu. Na wale waliomshangilia "usituaibishe" watakuwa wameshahamia ukurasa wa mwingine. Kuna mmoja wa Dar, jina kubwa tu mitandaoni, ambaye kila mwezi anasifia kifaa kipya kuwa "kimebadilisha maisha," halafu kinachofuata kinakuta cha awali kimeshapigwa mnada kimyakimya. Vijana wa mikoani wanaziona video hizo bila kujua kwamba mwenzao vifaa anapewa bure, tena analipwa kuvifungua mbele ya kamera.

Mgawanyo wenye mantiki kwa kijana mwenye milioni nne na nusu ni huu: kodi ya fremu itoke kwanza, ikae pembeni, isiguswe. Kilichobaki, kwa kila shilingi kumi, sita ziende kwenye spika, mbili kwenye amplifaya, moja kwenye chumba na umeme, na moja kwenye DAC. Kwa hesabu hiyo ile picha ya kwanza, "ya wanachuo," inatosha, na mziki utakaopigwa utaushinda ule wa DAC ya milioni nne iliyounganishwa na spika za ajabuajabu.

HELA IKO UPANDE WA PILI

Na kama kaka ana mapenzi ya kweli na muziki, kuna kifaa kingine anachopaswa kukifikiria. DAC inageuza namba kuwa sauti. Kinyume chake kinaitwa ADC, kinachogeuza sauti kuwa namba, na kimo ndani ya kila saundi kadi iliyoko kwenye studio za maprodyuza wetu.

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna wastaafu wa TAZARA, walimu na makatekista wenye maboksi ya kanda chini ya vitanda. Kuna kwaya za Kinyakyusa zilizorekodiwa mara moja tu na hazijulikani mtandaoni. Kuna sauti za ndugu waliotangulia, harusi za miaka ya themanini, vipindi vya Radio Tanzania vilivyonaswa kwa redio kaseti ya mezani, kuanzia enzi za kina Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, mpaka za kina Marijani Rajab. Kanda hizo zinakufa. Unga wa sumaku unapukutika, ukungu unaingia, na deki nzima za kuzipigia zinazidi kuadimika.

Kanda ya kaseti ina nafasi ya desibeli 50 mpaka 60 tu, kwa hiyo kiwango cha CD kinaimeza yote na kubakiza. Hakuna haja ya kifaa cha ndoto. Deki moja iliyosafishwa vichwa, saundi kadi ya kawaida, kompyuta iliyopo dukani na uvumilivu, maana kanda ya dakika 60 inahamishwa kwa dakika 60, hakuna njia ya mkato. Muuza simu mwenye fremu sokoni na wafuasi wote wale akibandika tangazo kwamba anahamisha kanda za wazee kwenda kwenye flashi, kwa bei ya kueleweka, foleni haitakosekana. Mzee wa watu atakayesikia tena sauti ya marehemu mkewe ikiimba kwenye kwaya atasema "ndaga fijo," na hatauliza imepita kwenye chipu gani.

Kazi hiyo inaweza kulipa kodi ya fremu ya mwezi wa saba. Na wa nane. Ya milioni nne ataifikiria mwakani, na safari hii shem naye aulizwe, ujumbe wake usifutwe.

Uwanja ni wa wadau: katika zile picha tatu, nani anaweza kutofautisha macho yakiwa yamefumbwa?